Dawa ya Kifua ya Esteria

Asubuhi za Juni katika nyanda za juu za Njombe, mtu mwenye akili hatoki kitandani mpaka mwingine awe amekwisha kuwasha moto. Esteria alitoka. Alijitanda shuka mbili, akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa jiko, akachukua chupa moja baada ya nyingine na kuzitikisa. Zilikuwa chupa za kila namna: za bia, zilizookotwa nyuma ya klabu ya Wazungu, za mafuta ya kula, na nyingine za siki. Ndani yake kulikuwa na majani ya pakanga, yale ya kijivu ambayo uchungu wake hukaa mdomoni mpaka jioni, na magome ya mti uliokuwa ukiota kando ya mto. Vyote vilikuwa vimeloweshwa kwenye gongo, na kila chupa ilizibwa kwa gunzi la hindi. Alipokuwa akitikisa aliimba nyimbo za kanisani, kwa sababu mkono usio na wimbo huchoka upesi.

Ng'ambo ya ua, Efraimu alikuwa kitandani akimsikiliza. Alikuwa mdogo wake marehemu Nahumu, aliyekuwa mume wa Esteria, na alikuwa mzee wa kanisa. Mambo hayo mawili yalikuwa hayajagombana bado.

Kanisani kwao gongo lilikuwa dhambi kulipika, dhambi kuliuza, dhambi kulinywa na dhambi hata kuliweka ndani. Serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa imelipiga marufuku, kwa hiyo lilikuwa kosa mbinguni na kosa Bomani. Esteria alilipata kwa Tarsis wa Makambako, mpakuaji wa malori pale njia panda, aliyelileta kwa baiskeli ndani ya debe lililoandikwa mafuta ya taa. Tarsis alikuwa Mkatoliki, na kanisani kwao walikuwa na dhambi nyingine za kushughulikia.

Majani Esteria alifundishwa na mama mkwe wake. Gongo alijifundisha mwenyewe. Wakati wa usichana wake aliwahi kufagia katika zahanati ya misheni, na huko aliona chupa za kahawia kwenye rafu ya juu, zenye dawa za kifua na za tumbo. Ukizifungua zilinuka pombe kali kuliko kilabu chochote cha ulanzi. Hakuna mchungaji aliyewahi kuzitilia shaka, maana zilitoka mbali na zilibandikwa karatasi.

Siku moja Efraimu alimuuliza, kwa ule utani wa mtu na shemeji yake, "Kwa nini usichemshe kwa maji tu, kama wanawake wengine?"

"Ukichemsha pakanga, nguvu inaondoka na mvuke," Esteria alisema. "Nyumba inapona, mgonjwa anabaki pale pale. Na maji ukiyaweka yanachacha. Gongo halichachi, shemeji. Loweka mwezi ukiandama, tikisa kila siku, chuja kwa kitambaa mwezi ukipevuka. Kila kilichomo kwenye jani kinahamia humo. Halafu unampa mtu matone kwenye uji, siyo kikombe. Ukiona mtu anaomba kikombe, ujue huyo haumwi."

Efraimu alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kazi yake ilikuwa kubandua magome ya miti ya miwati katika shamba la Mzungu, kwenye ukungu na manyunyu, na jioni alirudi kulala katika nyumba yenye moshi. Kifua chake kilikuwa kimefunga tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Mkewe, Tabea, alivuka ua siku ile ile na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, akarudi nacho kimefunikwa vile vile. Asubuhi uji wa Efraimu ulikuwa mchungu, na hakuuliza neno.

Hivyo ndivyo walivyofanya wote. Walipitia mlango wa nyuma, na kikapu kilichofunikwa. Kama walikutana njiani, walisalimiana "Kamwene" kwa adabu zote, kisha kila mmoja akautazama mlima wa mbali kana kwamba umeanza kuota jana.

Mtoto wa Vestina alikuwa wa kwanza. Alikuwa na kifaduro cha kumtapisha, na baada ya matone ya siku chache kifaduro kilimwacha. Alipoamka na njaa akalia, lakini alilia kwa sauti ya Esteria: sauti nzito ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo inapopanda. Vestina aliwaeleza majirani habari hiyo pamoja na ile ya panya walioingia ghalani kwake. Majirani walimshauri kuhusu panya.

Baadaye ikawa Yudita, aliyepatana bei ya maharage mnadani kwa sauti ya Esteria, na watu wakampunguzia kwa heshima. Ikawa Kefa, mzee wa kanisa, ambaye ng'ombe wake walisita kidogo siku ya kwanza alipowaita, kisha wakazoea. Ikawa Abrahamu, mzee wa kanisa vile vile, ambaye alikuwa na kigugumizi tangu utotoni na sasa aligugumiza kwa sauti ya Esteria.

Zamu ya Efraimu ilikuja siku ya Jumapili. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo upande wa wanaume, kwa besi iliyosifiwa mpaka kijiji cha Yakobi. Alisimama, akavuta pumzi iliyoshuka mpaka chini bila kukwama popote, akafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya shemeji yake. Upande wa wanawake, Esteria mwenyewe alikuwa ameanzisha wimbo ule ule, na sauti mbili zilizokuwa moja zilikutana katikati ya kanisa, juu ya vichwa vya watoto. Watu wakaitikia ubeti wa kwanza.

"Kifua kimefunguka," Tabea alisema walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Kimefunguka," Efraimu alisema kwa sauti ya Esteria.

Tabea alitembea kidogo, kisha akamwomba asizungumze sana ndani ya nyumba, maana itakuwa kama wifi amehamia. Efraimu alikubali. Hakuona haya siku hiyo. Alikuwa akipumua, na mtu anayepumua vizuri baada ya miezi mingi hana nafasi ya kitu kingine.

Esteria aliyajua mambo hayo kabla ya wengine. Efraimu alipovuka ua kumshukuru, alimkuta akichuja dawa, na Esteria alipozungumza ilimbidi Efraimu asogee karibu ili amsikie.

"Gongo halichagui, shemeji," alisema. "Likikuta uchungu linavuta uchungu, likikuta harufu linavuta harufu. Mimi huimba wakati wa kutikisa, basi linavuta na hiyo."

"Si uache kuimba?"

"Niliacha. Nilitikisa kimya tangu mwezi ulipoandama mpaka ukapevuka. Dawa ikatoka nzuri kwa rangi, lakini haikumponya mtu. Mama yake Yudita aliinywa akakohoa mpaka tukamzika." Aliminya kitambaa mpaka tone la mwisho likaanguka. "Basi nikarudi kuimba."

Efraimu alitazama chupa, akaona kwamba mara hii zilikuwa nyingi kuliko kwanza. Alitaka kumwambia aache. Badala yake aliondoka na chupa yake ndani ya koti, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa haya yake, ingawa bado ilikuwa ndogo na angeweza kuibeba bila kuonekana.

Baada ya mavuno usharika uliletewa mwinjilisti mpya, jina lake Elieza. Alikuwa kijana mnyofu, mwenye kola safi, na aliipenda kweli kweli kazi ya Bwana. Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya usharika mzima unaoimba kwa sauti moja ya mwanamke mmoja, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema uimbaji ulikuwa mzuri sana. Kisha akawauliza wazee watu hawa walikuwa wamekunywa nini.

Baraza la wazee lilikaa siku ya Jumatano, jina la Esteria likiwa limekwisha kumfikia Elieza. Kwa kuwa Efraimu, Kefa na Abrahamu walikuwa na sauti ile ile, ilimlazimu Elieza atazame midomo ili ajue nani anasema. Yeye mwenyewe alikuwa akikohoa. Baridi ya Njombe ilikuwa imemkaribisha kama inavyowakaribisha wageni wote.

"Ni jambo zito," sauti ya Esteria ilisema kwa kinywa cha Kefa.

"Ni, ni, ni la kusikitisha," sauti ya Esteria ilisema kwa kinywa cha Abrahamu.

"Mzee Efraimu," Elieza alisema, "huyu mama ni shemeji yako, na nyumba zenu ziko ua mmoja. Wewe unajua lolote?"

Efraimu angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba kifua chake na cha Kefa na cha Abrahamu vilifunguliwa kwa chupa moja iliyogawanywa. Lakini hakuulizwa hayo. Aliulizwa kama anajua lolote, na alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa.

"Najua," alisema. "Hutengeneza kileo nyumbani. Kwa chupa."

Wote wanne walisikia sauti ya Esteria ikimshtaki Esteria. Hakuna aliyeuliza imefikaje mdomoni mwa Efraimu. Swali hilo lilikuwepo mezani, kubwa kuliko Biblia, nao waliliwekea viwiko. Lau lingeulizwa, Jumapili ya chakula cha Bwana asingebaki mtu wa kuupokea mkate, na Elieza angebaki peke yake na divai. Wakakata shauri kwamba Esteria atengwe, na kwa kuwa Efraimu ni ndugu, ni heri atangaze yeye, ili lisionekane jambo la chuki.

Alitangaza. Alisimama mbele ya madhabahu, mikono nyuma, akasema kwamba dada yetu Esteria, mjane wa Nahumu, ametengwa na meza ya Bwana kwa ajili ya kileo, na kwamba usharika umwombee. Alisema kwa sauti iliyokuwa ikiwafundisha watoto wa usharika huo nyimbo tangu wengine hawajazaliwa. Esteria alisikiliza akiwa benchi la mbele la wanawake, kichwa ameinamisha kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kama wimbo umeshikwa vizuri. Kisha akainuka, akakunja shuka yake na kutoka nje. Efraimu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Aliketi, akaitazama miguu yake hadi mwisho wa ibada.

Tangu siku hiyo Esteria aliketi nje, kwenye gogo chini ya dirisha. Ndani waliimba, naye nje alipiga mapigo kwa kidole juu ya goti, na walipokosea, kidole kilisimama. Siku za kazi aliendelea kutikisa chupa zake, maana watu hawakuacha kukohoa kwa sababu yeye ametengwa. Mlango wa nyuma ulibaki wazi. Sasa waliokuja walileta vikapu vikubwa zaidi na kuondoka upesi zaidi, na baadhi yao hawakumtazama usoni.

Kilichomuuma hakikuwa gogo. Nahumu alizikwa kando ya kanisa, chini ya mti wa mvinje, na pembeni yake Esteria alikuwa ameacha nafasi. Aliichimbia mawe manne kwenye pembe, akaipalilia kila mwaka kama shamba dogo. Nahumu alipokuwa anakufa alikuwa na woga, jambo ambalo hawakumwambia mtu, naye Esteria alimwahidi kwamba hatalala peke yake mahali pale. Aliyetengwa hazikwi kando ya kanisa, wala hapigiwi kengele. Kila mtu alilijua hilo, na Efraimu kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeyasukuma mawe yale kwa toroli.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Esteria alivuka ua. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kiasi kwamba Tabea aliwafukuza kuku ili isikike.

"Nataka kurudi," alisema. "Kabla ya Krismasi. Nitamwaga zote, nitaacha. Niambieni cha kufanya."

"Utaacha, na watu je?" Tabea aliuliza bila kukusudia, kisha akajifanya anachochea moto.

"Nimezeeka, wifi. Nataka kulala kwa Nahumu."

Efraimu alilipeleka jambo kwa baraza, na baraza lilifurahi, maana wote walikuwa wakimpenda. Masharti yalikuwa mawili. Chupa ziletwe zimwagwe nyuma ya kanisa. Na mwenyewe asimame mbele ya usharika aseme maneno ya toba kwa kinywa chake. Elieza, kati ya kikohozi na kikohozi, aliwasomea wazee maneno aliyoyatunga: nimetengeneza kileo, nimekiweka nyumbani mwangu, nimewapa watu wakanywa, naomba mnirudishe kundini.

"Hilo la tatu si lazima," Kefa alisema.

"Lipi?"

"La kuwapa watu. Linarefusha."

Abrahamu aliunga mkono bila kugugumiza hata kidogo. Elieza aliwatazama, akamtazama Efraimu. Efraimu alisema ni kweli, fupi ni bora, mama mwenyewe ni mzee. Neno la tatu likaondolewa.

Siku ya kumwaga, chupa zilibebwa kwa matenga kutoka kwa Esteria hadi kanisani, na wazee watatu wakiongozwa na mwinjilisti. Zilizofika zilikuwa chache kuliko zilizoondoka. Koti la Kefa liligonga gonga njia nzima, la Abrahamu pia, na la Efraimu lilikuwa na gunzi linalochungulia mfukoni. Elieza naye alichukua moja, akasema ni ya ushahidi. Zilizobaki walizimwaga kwenye nyasi. Kufikia Jumamosi kikohozi cha Elieza kilikuwa kimekwisha.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Majilio. Kanisa lilijaa, kwa sababu toba huwa na watazamaji hata kuliko harusi. Esteria aliingia kwa mlango wa mbele akiwa amevaa gauni la kuzikia Nahumu, akasimama mahali ambapo bibi harusi husimama. Elieza alifungua kitabu cha ibada na kuanza kumhoji. Aliuliza kwa sauti ya Esteria.

"Esteria, umekuja mbele za Mungu na mbele ya usharika huu ukiwa umejuta?"

Esteria aliitikia kwa kichwa.

"Basi sema."

Alifungua kinywa. Midomo ilicheza, shingo ilikaza, na mtu aliyekaa benchi la mbele aliweza kuyaona maneno yakiundwa yote, moja baada ya jingine, sawasawa kama alivyofundishwa. Hakuna kilichosikika. Sauti alikuwa ameitikisa yote chupani. Ilikuwa imo vifuani mwa watu walioketi mbele yake, imejaa kuanzia benchi la kwanza hadi mlangoni, wakiitumia kukemea watoto na kukohoa kwa adabu.

Alifunga kinywa, akangoja, akajaribu tena.

"Hatusikii, mama," Elieza alisema kwa upole, na sauti yake Esteria ikamwambia Esteria kwamba haisikiki.

Hapo ndipo Esteria alipomgeukia Efraimu. Alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwake, kwenye kiti cha wazee. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani kutoka upande wa wanawake, wakati wa kupokezana ubeti: mimi nimefika mwisho, sasa wewe.

Efraimu alielewa. Hakuwa mjinga, na jambo lenyewe halikuwa gumu. Alipaswa kusimama kando yake na kuyasema yale maneno kwa sauti ile, naye Esteria angeyachezesha midomo, na usharika ungesikia toba. Maneno yalimjia yenyewe. Yalipanda kooni kwake, mimi nimetenda dhambi, nimetengeneza kileo, nimekiweka nyumbani mwangu, na hata lile la tatu walilolitoa lilipanda pamoja na mengine, nimewapa watu wakanywa, likakaa juu ya ulimi wake likiwa na uchungu wa pakanga. Lakini hakuna njia ya mzee wa kanisa kusimama mbele ya watu na kusema mimi nimetenda dhambi bila watu kusikia kwamba ni yeye aliyesema. Wangesikia. Wangegeuka kumtazama, kisha wangetazamana. Alimwona Kefa akitikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Alimwona Tabea akiwa ameshika mdomo.

Efraimu alikohoa.

Kifua chake kilikuwa kizima, hakikuwa na sababu. Alikohoa hata hivyo, akainama, akatoa kitambaa na kukohoa ndani yake, kwa muda mrefu, kwa sauti ya Esteria. Alikohoa mpaka macho yale yakaacha kumtazama. Alipoinua kichwa alikuwa amekwisha kuyameza maneno yote, na aliona haya kiasi cha kutamani sakafu ipasuke. Sakafu ilikuwa ya matofali mazuri ya misheni na haikupasuka.

"Toba husikika," Elieza alisema akifunga kitabu. "Tusiposikia, tutajuaje? Tutajaribu tena wakati mwingine, mama akipata nafuu." Naye uso ulikuwa umemshuka. Akaanzisha wimbo, maana hakujua afanye nini, na usharika wote ukaupokea. Esteria alitoka nje huku sauti yake mwenyewe ikimsindikiza kwa beti nne.

Wakati mwingine haukuja. Baraza lilikubaliana mara kadhaa kwamba ungekuja. Walizungumza habari ya kumruhusu aseme kwa ishara, lakini Kefa aliuliza ishara ya kileo ni ipi, na mazungumzo yakaishia hapo. Esteria hakulalamika. Hangeweza. Aliendelea kuketi chini ya dirisha na kupiga mapigo kwa kidole. Nyumbani hakukuwa tena na chupa, na watu waliokuja mlango wa nyuma na vikapu walimkuta akifungua mikono yake mitupu. Tarsis alifika mara moja na debe lake, akaambiwa kwa kichwa kwamba basi. Alikaa naye kidogo jikoni, akanywa chai, akarudi na debe Makambako.

Esteria alikufa Julai, kwenye baridi. Tabea alimkuta asubuhi kwenye kigoda mbele ya mlango wa jiko, mkono umefumbika kama ulioshika shingo ya chupa.

Walimzika ng'ambo ya mpaka wa kanisa, kwenye safu ya kwanza ya miwati. Kengele haikupigwa. Aliyetengwa haimbiwi, kwa hiyo usharika mzima ulisimama kando ya kaburi na kufumba midomo, na hapo kukawa na kimya ambacho watu wa pale hawakuwahi kukisikia. Katikati yake mtoto wa Vestina akalia. Alilia kwa sauti ya Esteria, kwa nguvu, kama mtu aliyeamka akakuta ameachwa. Vestina alimbeba akaenda naye mbali, nyuma ya miti, mpaka walipomaliza kufukia. Kutoka pale Efraimu aliweza kuuona mvinje na yale mawe manne. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kupalilia hapo mwaka huo. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni marehemu Esteria.

Novemba, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, usharika ule huwakumbuka waliolala mwaka huo. Ni desturi waliyoachiwa na wamisionari wa kwanza. Mzee mmoja husimama na kuyataja majina kwa kichwa, pasipo kusoma, na baada ya kila jina watu huitikia kwamba apumzike. Tangu Nahumu afariki, kazi hiyo ilikuwa ya Efraimu.

Siku hiyo walikuwepo wageni kutoka Kidugala na hata Makambako, waliofika kusikia kwaya. Sifa zake zilikuwa zimevuma. Walisema hawajapata kusikia watu wengi wakiimba kama mtu mmoja. Mzee mmoja kati yao alimuuliza Efraimu mlangoni ni nani aliyewafundisha, naye Efraimu akamjibu kwamba ni neema ya Mungu.

Alisimama mbele. Aliyafahamu majina yote, hata yale ya vichanga. Alimtaja Marta wa Abrahamu. Apumzike, walisema. Alimtaja Yonathani aliyeangukiwa na mti shambani kwa Mzungu. Apumzike. Aliendelea, bila kukosea, kwa sauti ile nzito yenye mkwaruzo kidogo inapopanda, na kila aliyekuwa kanisani alimsikia Esteria akiwataja marehemu wote wa mwaka ule, mmoja mmoja, kwa upendo. Alipolifikia jina lililobaki, alinyamaza. Wote walijua ni jina gani, na wote waliitazama miguu yao. Nje, chini ya dirisha, lile gogo lilikuwa bado lipo.

Kisha Efraimu akasema, kwa sauti ya Esteria, kwamba hao ndio wote. Watu wakaitikia amina kwa sauti hiyo hiyo. Akarudi kwenye kiti chake, akapapasa mfuko wa koti kuona kama chupa ipo, kwa kuwa baridi ya mvua ilikuwa imeanza kumgusa kifuani.